Kona ya Dada: Mbona Wachumba wa Riwaya Hukutana Kwenye Theluji?

Leo kona hii ni ya binti mmoja wa Njombe. Anasema anaandika hadithi za mapenzi za Kikristo kwenye daftari analolificha chini ya godoro, kwa sababu mama yake, mwanakwaya wa miaka mingi, haoni binti aliyeokoka ana shughuli gani na mambo ya mapenzi. Anasema pia kwamba riwaya za namna hiyo alizopata kuazima, na filamu za Krismasi anazotazama kwenye simu, zote ni theluji mwanzo hadi mwisho. Kisha ananiuliza: "Dada, hawa waandishi wana nini na baridi? Na mimi ambaye Krismasi yangu ni mvua, matope na pilau, nitaandika nini?"

Swali zuri, na linanihusu. Mimi ni mtoto wa Marangu, naishi Edmonton katika jimbo la Alberta, Kanada, na hadithi za mapenzi ya Kikristo ndiyo kazi ya kalamu yangu. Sehemu kubwa ya ninayoandika hunijia kati ya Novemba na Februari, wakati majirani zangu wanalalamikia giza. Kwa hiyo, mdogo wangu, sogea karibu nikueleze ninachokiona huku, halafu tutamfikia na mama.

Nianze na baridi yenyewe, maana asiyeijua hudhani ni pambo la jalada. Hapa kwetu, tarehe 21 Desemba jua huchomoza inapokaribia saa tatu asubuhi na kuzama saa kumi na robo alasiri. Mchana mzima ni saa saba na nusu hivi. Kipimajoto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na zipo siku hufika 30 na kupita. Upepo ukiongezeka, ngozi iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya dakika chache. Magari hulala yamechomekwa kwenye umeme, waya umening'inia mbele, ili injini isigome alfajiri. Mtu hatoki nje bila sababu. Na akitoka, ni vema awepo mtu anayejua kwamba ametoka na anayemngoja arudi.

Hilo la mwisho ndilo linalomshika mwandishi wa mapenzi. Baridi kali humlazimisha kila mtu ajibu swali moja: nani ananingoja? Mjane anayepika supu ya mtu mmoja analijua jibu lake. Kijana aliyehamia mji mgeni kwa ajili ya kazi analijua lake. Huhitaji kurasa kumi za kueleza upweke; giza la saa kumi na robo limekwisha kuueleza.

Halafu kuna mlango. Kwenye nchi ya joto watu wawili waliogombana hutawanyika, mmoja akaenda zake sokoni na mwingine kwa jirani. Tufani ya theluji ikishuka hakuna pa kwenda. Barabara imefungwa, umeme umekatika, na yule mwanamume ambaye shujaa wako wa kike hakutaka hata kumsalimia ndiye anayepasua kuni jikoni mwake. Watalazimika kuzungumza. Waandishi wameutumia mlango huo mara nyingi mno, nakiri, lakini hawauachi kwa sababu unafanya kazi.

Na sisi tunaoandika kwa imani tuna sababu yetu zaidi. Hadithi zetu zina mpaka. Kuna mfululizo wa vitabu unaoitwa Love Inspired, ulioanza Marekani mwaka 1997, nao kama mingine ya aina yake hauufungui mlango wa chumba cha kulala. Hamu yote, hofu yote, furaha yote ya wapendanao lazima ipite kwenye mambo madogo yanayoonekana mbele za watu. Majira ya baridi huyafanya mambo madogo kuwa makubwa. Kila mtu amejifunika kuanzia utosini hadi unyayoni: kofia, skafu, koti, buti, glavu juu ya glavu. Katika hali hiyo, mtu akivua glavu ili akupe mkono, umepewa kitu. Wasomaji wangu wa Lamu na Unguja hawahitaji kuelezwa hili. Wanajua jinsi jicho moja tu au mkono wenye hina unavyoweza kubeba maneno ambayo hayajasemwa.

Tena theluji mpya hunyonya sauti, kwa sababu imejaa hewa katikati ya chembe zake. Usiku ikitoka kuanguka, mji mzima hutulia. Husikii magari, husikii muziki wa jirani, unasikia buti zako tu zikikwaruza. Mtu akisema jambo la moyoni wakati huo haliwezi kupotea, wala msikilizaji hawezi kusingizia kwamba hakusikia. Matukio mengi ya kukiri mapenzi nimeyapeleka huko nje kwa sababu hiyo moja.

Ila kuliko yote napenda kazi za mikono ambazo baridi inazidai. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari la mwenzake, anaulizia kama waya umechomekwa, anamwaga chumvi kwenye ngazi ili mama mkwe asiteleze. Hakuna aliyesema neno la mapenzi hapo. Lakini mimi nimeona ndoa hapa mjini zinazosimama juu ya hayo, na nikiyaandika, wasomaji wangu huniandikia kuhusu kioo cha gari kuliko wanavyoniandikia kuhusu mabusu.

Kuna kitabu kimoja nitakutajia, mdogo wangu, ukikipata kisome. Kinaitwa Love Comes Softly, kimeandikwa na Janette Oke, aliyezaliwa mwaka 1935 Champion, hapa hapa Alberta. Kilitoka mwaka 1979, na wengi wetu tunaoandika aina hii ya hadithi tunakihesabu kuwa kimetufungulia njia. Kisa chake ni cha Marty, mwanamke kijana aliyesafiri na mumewe kwa gari la kukokotwa kuelekea magharibi kutafuta ardhi. Mume anakufa njiani. Marty ni mjamzito, hana ndugu, hana nauli. Siku ile ile ya maziko anakuja mjane wa kiume, Clark Davis, anamwambia waziwazi kwamba ana binti mdogo anayehitaji mama, na kwamba wakioana atampa paa la kujistiri. Majira ya machipuko yakija, na msafara wa kurudi mashariki ukipita, kama Marty atataka kuondoka, yeye atamlipia nauli.

Angalia alichofanya mwandishi hapo. Kati ya ile siku ya maziko na ule msafara ameiweka baridi yote. Marty hana uwezo wa kuondoka, na Clark hana haki ya kumdai chochote. Wanaishi nyumba moja kama watu wawili waliopewa muda. Mwanamume anakata kuni, anasoma Biblia mezani, ananyamaza. Mwanamke anajifunza kupika, analea mtoto asiye wake, anaomboleza. Krismasi inawakuta humo humo. Mapenzi yanaingia polepole kama jina la kitabu linavyosema, na yanaingia kwa sababu hakuna aliyeyaharakisha. Ungeiondoa ile baridi, Marty angeondoka wiki ya pili, na kitabu kingekuwa kimekwisha.

Hapo ndipo ninapotaka ufike. Theluji ni nzuri, mishumaa ni mizuri, lakini kinachotuita sisi waandishi wa Kikristo kwenye majira haya ni kungoja. Ni kungoja ukiwa na ahadi mkononi, kusikofanana hata kidogo na kule kuchoka kwa mtu anayekaa kituoni bila kujua kama basi lipo. Majilio yote, yaani yale majuma ya kuingojea Krismasi, yamejengwa juu ya jambo hilo. Unajua shada la Majilio lilitoka wapi? Mwaka 1839 huko Hamburg, Ujerumani, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akiendesha makao ya watoto maskini. Watoto walimsumbua kila siku wakiuliza Krismasi ni lini. Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapachika mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo kwa siku za katikati, akawa anawasha mmoja kila siku. Mtoto asiyejua kuhesabu aliona kwa macho kwamba mwanga unaongezeka na siku inakaribia.

Kwa mwandishi wa mapenzi kuhesabu siku huko ni msaada usio na bei. Hadithi ya mapenzi inahitaji siku isiyosogezwa. Waandishi wengine huunda yao: harusi, safari ya ndege, kesi mahakamani. Sisi tuna tarehe 25 Desemba, ambayo kumbukumbu za Roma zinaionyesha ikiadhimishwa tangu mwaka 336, na kila msomaji anaihesabu pamoja nasi. Ukiandika "ilikuwa Jumapili ya tatu ya Majilio," msomaji wako Mkristo amekwisha kuanza kukikaza kitabu mkononi.

Sasa kuhusu Krismasi yenyewe. Mimi nashangaa watu wanaposema mapenzi yamebandikwa juu ya Krismasi ili kuuza vitabu. Fungua Mathayo sura ya kwanza. Habari ya kuzaliwa kwa Yesu inaanza na uchumba ulio matatani! Mariamu ameposwa, ameonekana ana mimba, na mchumba wake anajua kwamba si yake. Yusufu alikuwa na haki ya kumwaibisha mbele ya watu. Akaamua kumwacha kimya kimya, kwa sababu alikuwa mtu mwema hata katika kuumia. Kisha malaika akamjia katika ndoto, akaamka, akamchukua mke wake. Mambo yote tunayoyatafuta kwenye riwaya yamo humo: siri, aibu inayonyemelea mlangoni, moyo uliovunjika, usiku wa kuamua, na mwanamume anayebaki.

Na jambo hili nakuomba ulishike, mdogo wangu, kwa sababu nimesoma vipande ulivyonitumia. Katika Injili zote nne Yusufu hana hata neno moja lililoandikwa kwamba alilisema. Anaamka, anachukua, anasafiri, anatafuta mahali pa kulala, anakimbilia Misri usiku na mtoto na mama yake. Mapenzi yake yote yako kwenye vitenzi. Shujaa wako wa kiume anaongea sana. Kila ukurasa anamwambia binti kwamba ameletwa na Mungu, kwamba aliona maono, kwamba bila yeye hawezi kuishi. Mnyamazishe. Mpe kazi ya kufanya, tena kazi inayomgharimu, uone kama binti hatamtazama upya. Na msomaji vilevile.

Ndoa iliyokwisha kufungwa nayo ina hadithi. Mwaka 1905, tarehe 10 Desemba, gazeti moja la New York lilichapisha kisa kifupi cha O. Henry kuhusu Jim na Della, mume na mke wanaoishi chumba cha kupanga. Mshahara wa mume umepunguzwa. Imebaki siku moja Krismasi ifike, na mke ana dola moja na senti 87 tu. Anauza nywele zake ndefu kwa dola 20 ili amnunulie mumewe mnyororo wa saa. Jioni mume anarudi na zawadi ya vitana vya thamani kwa ajili ya zile nywele. Ameuza saa ili avinunue. Mwandishi akawalinganisha na Mamajusi, na hata jina la kisa ni lao. Hakuwa anaandikia wasomaji wa kanisani peke yao, lakini sijasoma mahubiri ya Krismasi yanayoeleza kutoa vizuri kuliko kisa kile, na ni kurasa chache tu. Wewe uliyeolewa na unadhani huna tena cha kuandika kwa kuwa uchumba umepita, anzia hapo.

Tumfikie mama sasa. Mpe shikamoo yangu kwanza. Mama zetu wana sababu ya kuogopa. Wameona mabinti wakidanganywa na maneno matamu, na hadithi nyingi za mapenzi ni shule ya maneno matamu. Usimjibu kwa ukali, wala usiendelee kuficha; kitu unachokificha unakifundisha kuwa ni dhambi hata kama sicho. Kaa naye mfungue kitabu cha Ruthu. Mjane mgeni, maskini, anaokota masazo ya shayiri kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba anamwona, anawaagiza vijana wasimguse, wamwachie masuke makusudi. Mama mkwe Naomi, aliyekuwa amekata tamaa, ndiye anayepanga mambo. Mwisho Boazi anakwenda langoni mwa mji mbele ya wazee kumaliza posa kwa heshima. Mji wenyewe ni upi? Bethlehemu. Mtoto wao Obedi ni babu yake Daudi, na Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Yesu, Ruthu ametajwa kwa jina. Kwa hiyo kabla ya hori na wachungaji, mji ule ule ulikwisha kuwa na hadithi ya mapenzi, na Biblia haikuona haya kuiweka.

Mwambie pia habari za Grace Livingston Hill wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1865 na kufariki mwaka 1947. Mume wake, mchungaji, alifariki mwaka 1899 na kumwachia mabinti wawili wadogo. Aliwalea kwa kalamu. Aliandika zaidi ya vitabu mia moja, vingi ni vya mapenzi ya watu wanaomcha Mungu, na Injili imo ndani yake waziwazi. Mjane wa mchungaji, mama. Msomee ukurasa wako mmoja, ule usio na maneno mengi. Kama amezoea kuimba sauti ya pili, atajua penye sauti iliyokwenda pembeni kabla yako, na huyo ndiye mhariri wako wa kwanza.

Turudi kwenye swali lako la theluji. Biblia haitaji theluji hata kidogo katika habari ya kuzaliwa kwa Yesu. Bethlehemu iko mlimani, na Desemba huko ni baridi na mvua. Theluji huanguka mara chache. Iliingia kwenye Krismasi kwa sababu waliochora kadi na kuandika vitabu waliishi Ulaya ya kaskazini. Mmoja wao, mwandishi Charles Dickens, alizaliwa mwaka 1812, na utoto wake ulipita katika miaka ya baridi kali kupita kawaida. Alikuwa hajatimiza miaka miwili watu wa London walipofanya maonyesho yao ya mwisho juu ya barafu ya mto Thames, mapema mwaka 1814. Desemba 19, mwaka 1843, alitoa kitabu chake A Christmas Carol, na nakala 6,000 za kwanza zilikwisha kabla ya sikukuu. Watu hukumbuka mizimu yake. Mimi nakumbuka Belle, mchumba wa ujanani wa Scrooge, yule bahili wa kitabu hicho, aliyemrudishia uhuru wake kwa sababu aliona pesa zimechukua nafasi yake moyoni. Aliiona baridi ya mtu huyo, akaikimbia mapema, na akawa na nyumba yenye watoto na vicheko.

Na zile filamu unazotazama kwenye simu, nyingi hupigwa jimbo jirani na langu, British Columbia, tena katikati ya kiangazi. Theluji ni ya kutengenezwa, na waigizaji hutoka jasho ndani ya makoti. Kwa hiyo usijione umechelewa kwa sababu hujaigusa. Wengi wanaoiuza nao hawakuigusa siku hiyo. Ninachokuonya ni kuiazima. Nikisoma hadithi ya msichana wa Njombe anayeangaliana na mchumba wake kupitia dirisha lenye theluji tarehe 24 Desemba, naacha kuamini kila kitu kingine, hata sala zao.

Una vyako. Njombe mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo Krismasi yako iko katikati ya mvua. Barabara ya udongo wa kule Makete ikilowa, gari linateleza na kukwama, na abiria wanalala kanisani kijijini na wachungaji wanawakokea moto. Huo ni mlango uliofungwa, sawa kabisa na tufani yangu ya Alberta! Mwuguzi anayerudi likizo na fundi wa gari ambao familia zao hazisalimiani wanaweza kukaa benchi moja usiku mzima, wakizungukwa na mashahidi wote wa kijiji, na wasitoke walivyoingia. Kama baridi ndiyo unayoipenda, unayo pia, ila iko Juni na Julai, sakitu inapotanda juu ya majani na watu wanatoka na masweta mawili. Iandike hapo ilipo. Usiihamishe kwenda Desemba.

Nasi wa Kilimanjaro tumepewa zawadi ambayo sijui kama tumeiona. Watanzania wote wanajua utani kwamba Desemba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Tiketi za mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi zinagombaniwa, magari yanapandisha Marangu, Machame na Rombo usiku kucha, ndafu inachomwa, mbege inapikwa kisha inasubiriwa ichachuke, na kila ukoo unakusanyika kwenye kihamba chake, shamba la ukoo penye makaburi ya wazee. Sasa soma Luka sura ya pili. Kaisari ametoa amri watu waandikwe, kila mmoja mjini kwao, na Yusufu anafunga safari na mchumba wake mjamzito kwenda mji wa ukoo wake. Anakwenda kuhesabiwa! Kijana anayempeleka kwao binti wa kabila jingine kwa mara ya kwanza, ndani ya basi lililojaa, asiyejua wazee watamhesabu vipi, yumo ndani ya hadithi ya Krismasi kuliko mtu yeyote anayeteleza kwenye barafu. Nangoja mtu aiandike vizuri. Kama ni wewe msomaji wangu wa Rombo, usinicheleweshe.

Ila kwenda kuhesabiwa kuna machungu yake, na siwezi kuliruka hili kwa sababu barua zenu nyingi za Desemba zinalihusu. Kuna dada wa miaka 34 ambaye kila Krismasi shangazi humuuliza mbele ya watu mwenzake yuko wapi. Kuna aliyefiwa na mume Machi na sasa anatakiwa acheke. Hadithi zetu za mapenzi zinaweza kuwaumiza hawa, tukiandika kana kwamba Mungu huleta mume kila mkesha wa Krismasi kwa aliyeomba vizuri. Hakuahidi hivyo. Injili ya Luka, katika siku zile zile za kuzaliwa kwa Yesu, inamweka Ana hekaluni: mjane aliyeishi na mume miaka saba tu, kisha akabaki mjane hadi uzee wake, na ndiye mmoja wa watu wa kwanza kumtangaza yule mtoto. Naomba kila mwandishi wa mapenzi ya Kikristo awe na Ana mmoja kwenye kitabu chake, mwanamke mzima, mwenye furaha, asiyengoja kuolewa ili maisha yaanze. Na wewe dada wa miaka 34, mjibu shangazi kwa adabu kwamba umekuja kumsalimia, halafu uende jikoni ukae na watu wanaokupenda.

Jingine la kuangalia ni yule mwanamume wa Desemba. Anajitokeza tarehe 20 na gari la kukodi, ana zawadi, ana manukato, ana mipango, na anataka jibu kabla ya Mwaka Mpya. Kwenye filamu huyo ndiye shujaa. Kwenye maisha, mdogo wangu, ahadi iliyotolewa wakati kila mtu amelewa sikukuu inahitaji kupimwa. Muulize mchungaji wake. Mjue mama yake. Mwone akiwa hana hela. Yusufu hakujulikana kwa zawadi alizoleta. Alijulikana kwa safari aliyokubali kutembea wakati habari zote zilikuwa mbaya.

Ndiyo maana nina ombi moja kwa wote mnaoandika, na kwa binti wa Njombe hasa. Hadithi zetu huishia tarehe 25, kengele zinalia, wamekumbatiana, mwisho. Ongeza sura moja. Andika Januari. Huku kwetu Januari ndiyo baridi kali zaidi, taa za mapambo zimeshushwa, bili ya kupasha nyumba joto imefika, na bado kioo cha gari kinahitaji kukwanguliwa. Kwenu ni ada za shule, mahindi ya kupalilia, mfuko mtupu, na mgeni wa Krismasi amekwisha kurudi Dar. Tuoneshe hawa wawili hapo. Kama bado anamwashia moto, kama bado wanasali pamoja wakiwa wamechoka, nitaamini kwamba yale ya mkesha yalikuwa ya kweli. Ukiimaliza sura hiyo nitumie kwa anwani ya kona hii, na usisubiri iwe safi kabisa. Nitaisoma yote na kukuandikia ninachofikiri.